Nilikataa Kuzikwa Kabla ya Kufa

Kama umeambiwa kwamba una ukoma, wewe ndiye ninayekuandikia. Madaktari siwaandikii, wao wana vitabu vyao. Na wewe usinihurumie, maana huruma nimepewa nyingi na haikunisaidia kitu. Kuandika nilijifunza hukohuko kwenye makazi ya wagonjwa, nikiwa mtu mzima, na kalamu naishika kwa vidole ambavyo vingine vimejikunja havinyooki. Kwa hiyo ukikuta herufi zimelala, zisome hivyohivyo zikiwa zimelala.

Jina langu la ubatizo ni Rahel. Nyumbani kwetu Kharumwa wananiita Mama Kabula. Mume wangu Shija alikuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu Geita, chini ya ardhi, akisimika magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wachimbaji. Mimi nilibaki kwa wakwe zangu nikilima, na Kabula, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa bado ananyonya. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na waliokwenda kupigana walikuwa wanarudi mmoja mmoja.

Ilianza kwenye pamba. Aliyewahi kuchuma pamba anajua tumba likikauka ncha zake zinavyochoma vidole. Wanawake wenzangu shambani walikuwa wanalalamika na kunyonya vidole vyao. Mimi nilikuwa nachuma haraka kuliko wote, nikajiona hodari. Jioni mama mkwe wangu, Mayu Holo, akafungua furushi langu kuchambua, akakuta pamba ina damu.

"Umejikata wapi?" akauliza.

Nikatazama mikono yangu. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimechanika vibaya, na mimi sikuwa na habari. Mayu Holo akanishika mkono, akaugeuza, akaona na baka la rangi ya shaba juu ya kiwiko ambalo nilikuwa nalo tangu masika. Akauachia taratibu. Kesho yake asubuhi nilikuta Kabula amelazwa kitandani kwa bibi yake.

Shija alinipeleka hospitali ya Geita. Tuliketi kwenye benchi refu barazani, pamoja na watu wa mgodini wa kila kabila, wenye miguu iliyovunjika, wenye kukohoa, wenye homa. Kulikuwa na mazungumzo mazuri. Mwanamke mmoja Mzinza alinigawia karanga. Zamu yangu ilipofika dresa, yule msaidizi wa daktari, hakuniingiza hata ndani. Aliniketisha palepale mwisho wa baraza, akatoa pini.

"Fumba macho. Kila nikikuchoma, sema."

Nikafumba. Nikangoja. Nikaona anachelewa, nikamwambia, "Basi anza."

"Nimekwisha maliza," akasema.

Nilipofumbua macho mkono wangu ulikuwa na matone ya damu yamepangana kama shanga. Dresa akamwita Shija pembeni akamwambia lile neno, lakini alilisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwasemesha viziwi. Benchi lote likasikia. Sikumwona aliyenyanyuka kwanza. Niliona tu kwamba nilipogeuka nilikuwa nimeketi peke yangu, na yule Mzinza alikuwa anajifuta viganja kwenye kanga.

Tuliporudi Kharumwa, baba mkwe alikuwa amekwisha kunijengea kibanda nyuma ya zizi. Chakula changu kiliwekwa kwenye kibuyu juu ya jiwe, na anayekileta alirudi nyuma kwanza ndipo aniite. Kabula aliachishwa ziwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyenieleza kwamba maziwa hayajui habari za ugonjwa. Yalikuja kwa wakati wake, kifua kikavimba kama kinataka kupasuka, nguo ikalowa mbele, na ng'ambo ya zizi nilikuwa namsikia mwanangu analia. Nilikamulia maziwa yangu chini, kwenye vumbi. Katika yote niliyopitia, sindano na vidonda na yote, hilo ndilo ambalo hadi leo sijaweza kulishukuria.

Kisha wakaja majirani. Walikuja kama wanavyokuja msibani, wakaketi chini mbali na mlango, mkono shavuni, wakaanza kulia kwa sauti ya kuvuta. Niliwasikiliza kwa muda. Mwanzoni na mimi nililia. Halafu hasira ikanipanda, nikatoka nje.

"Mnamlilia nani?" nikawauliza.

Wakaondoa mikono mashavuni.

"Aliyekufa ni nani humu? Nendeni mkapike. Siku ya msiba nitawaita."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa imani yangu, ingawa nilikuwa nimebatizwa siku nyingi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kwenda kanisani. Siku ile niliporudi ndani ya kibanda nilimwambia Mungu maneno makali. Nilimwambia: wewe ndiye uliyenipa pumzi, hawa hawakunipa, basi mpaka utakapoichukua mwenyewe mimi ni mtu hai na nitaishi kama mtu hai. Sikusikia sauti yoyote. Lakini nilikula chakula chote kilichokuwa kwenye kibuyu, na nilikuwa sijala siku mbili.

Baada ya mavuno ya mtama Shija alinipeleka kwenye makazi ya wagonjwa yaliyokuwa chini ya misheni, upande wa Shinyanga. Dereva wa lori la pamba alikubali kutuchukua, kisha akaniangalia usoni akakataa. Nyusi zangu zilikuwa zimeanza kupukutika. Tukaenda kwa miguu, tukilala kwa Wakristo waliotukubali na nje kwa waliotukataa. Njia nzima Shija alitembea mbele yangu, na sikuona ila mgongo wake. Tulipofika aliweka mzigo chini, akasema atakuja baada ya mvua.

Mvua zikaja zikaisha. Hakuja.

Pale makazini wakati ulihesabiwa kwa mafuta. Mara kwa mara, asubuhi, tulipangwa mbele ya chumba cha dawa kwa ajili ya sindano ya mafuta mazito yaliyotoka nchi za mbali. Mafuta yale hayakutaka kuingia mwilini. Yalisukumwa kwa nguvu, yakakaa chini ya ngozi kama kokoto, na mara nyingine pakaota jipu. Watu walitoka mle wakichechemea, na wengine waliobaki kwenye foleni walikuwa wanatetemeka kabla ya kuguswa. Ni kwenye foleni hiyo nilikomkuta Leya.

Leya alikuwa mama mtu mzima kutoka Ushetu. Macho yalikuwa yamekufa, vidole vya mikono yote vilikuwa vimekwisha, na alikuwa anaimba tenzi kwa sauti mbaya ajabu. Alikuwa akiimba tangu anatoka kibandani kwake mpaka sindano inaingia. Sindano ikiingia alipandisha sauti, ikitoka akaendelea na ubeti uliofuata.

"Mama, unafurahia nini?" nilimwuliza siku ya kwanza, na sikumwuliza kwa wema.

"Sauti ya nani hiyo? Wewe mgeni?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Sifurahii, mwanangu. Ninatangulia. Ukiamka asubuhi ukaanza na mwili, mwili utakueleza habari zake mpaka jua lizame. Mimi naanza na Mungu. Mwili utakuja nyuma, kama mbuzi anayevutwa kamba. Hataki, lakini anakuja."

Nilimwona mwendawazimu. Lakini kibanda changu kilikuwa karibu na chake, na wimbo wake ulikuwa unaniamsha nitake nisitake, hata nikajikuta naujua. Baadaye nikawa namshika mkono kumpeleka kwenye foleni. Yeye hakuona, mimi sikuhisi, tukawa mtu mmoja mzima.

Usidhani niligeuka malaika. Mwaka wa pili masikio yangu yaliongezeka unene, pua ikaziba, uso ukawa na uvimbe hapa na pale. Kulikuwa na kioo kilichovunjika cha lori ambacho wanawake walikuwa wanaazimana. Siku nilipojiangalia nilimwambia Leya nimekuwa kama simba.

"Simba analia?" akaniuliza.

"Halii."

"Basi."

Halafu akasali. Maombi ya Leya hayakuwa ya unyenyekevu. Alisema na Mungu kama mama anavyosema na mwanawe mkubwa aliyechelewa kuleta kuni. Alimkumbusha ahadi zake, akamtajia majina ya watu, akamwuliza ameyasikia au ayarudie. Nilijifunza kusali kwake. Kila asubuhi kabla sijajigusa kutafuta kidonda kipya, nilimwambia Mungu kitu kimoja nilichokusudia kufanya siku hiyo. Leo nitapalilia mpaka kwenye kichuguu. Leo nitajifunza herufi ya jina la Kabula. Halafu nilikifanya, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi, na mtu hawezi kumdai Mungu ahadi zake huku yeye mwenyewe havitimizi viapo vyake.

Siku moja ya Jumapili alikuja mwinjilisti mgeni. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, na nadhani alikuja kwa moyo mwema. Alihubiri kwamba ukoma ni mfano wa dhambi, unavyoanza na doa dogo lisilouma, unavyokula mtu taratibu bila yeye kujua. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Niliwatazama wenzangu kwenye viti vya udongo, vichwa vimeinama, kila mtu anajitafuta ndani amekosa nini.

Leya akainua mkono wake usio na vidole.

"Mwalimu, mimi sioni, kwa hiyo unisamehe kama nimekukatiza. Nina swali."

"Uliza, mama."

"Nataka kuijua hiyo dhambi ambayo mimi niliifanya na wewe mwenye vidole kumi hukuifanya. Nimeitafuta miaka mingi. Ukinitajia, nitaitubu leo."

Yule kijana alitazama vidole vyake. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akafuata mwingine, mwisho watu tulicheka mpaka machozi, na wengine ambao midomo ilikuwa haifungiki vizuri tukalazimika kuwafuta.

"Sijui, mama," mwinjilisti akasema. Akashuka kwenye mimbari, akaketi katikati yetu, akaomba Leya amalizie ibada. Nilimheshimu kwa hilo. Na tangu siku hiyo sikujitafuta tena nimekosa nini. Nilikuwa na ugonjwa. Ugonjwa si hukumu. Kama kuna mtu anakuambia vinginevyo, hata awe amevaa kanzu ya kanisa, mwulize swali la Leya.

Kiangazi kimoja aliyekuja si Shija, ni Mayu Holo. Alitembea kutoka Kharumwa na Kabula, na kichwani alikuwa na kikapu cha karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alisimama ng'ambo ya mstari wa mawe uliotenga wageni na sisi. Kabula alikuwa amekuwa msichana mwenye miguu mirefu. Alinitazama mara moja, akajificha nyuma ya bibi yake.

"Msalimie mama yako," Mayu Holo akamwambia.

"Si mama," Kabula akasema.

Nilikuwa nimeomba sana kwa ajili ya siku hiyo, nikaona imeniponyoka mkononi. Nilitaka kukimbia nikajifungie. Badala yake nikaketi chini palepale kwenye mawe, nikauliza habari za nyumbani. Ng'ombe gani amezaa. Mtama umetoka vipi. Mayu Holo akajibu, kwanza kwa kusitasita, halafu akaketi na yeye upande wake. Tulizungumza mpaka kivuli kikahama. Mwishoni Kabula alikuwa ameketi karibu na bibi yake, anatafuna mchembe, ananisikiliza.

"Na Shija?" nikauliza.

"Wazee wanamwambia aoe. Hajaoa. Haji huku kwa sababu anaogopa atakuta kaburi."

"Mwambie kaburi linamsalimu," nikasema. Mayu Holo akaziba mdomo kwa mkono, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Leya alifariki masika yaliyofuata, si kwa ukoma, ni homa ya mapafu. Wiki nzima nilimwombea kuliko nilivyowahi kumwombea mtu, na akafa. Nalisema hili wazi kwa sababu utakutana na watu watakaokuambia kwamba ukiamini vya kutosha utapona. Mwenye imani kuliko sisi sote ndiye tuliyemzika. Baada ya maziko nilikaa siku nyingi bila kusali. Asubuhi ilikuwa kimya, hakuna wimbo mbaya wa kuniamsha. Siku moja ya mafuta, nikiwa kwenye foleni, nilimwona msichana mgeni mbele yangu anatetemeka. Nikafungua kinywa nikaimba. Sauti yangu si nzuri kuliko ya Leya. Sikuimba kwa furaha, niliimba kwa ukaidi, na nikagundua kwamba Mungu aliukubali ukaidi kama anavyoukubali wimbo wowote.

Miaka ya hamsini ilipoanza, vikaja vidonge. Vilikuwa vidogo, vyeupe, na tuliambiwa vimekuja kuchukua nafasi ya mafuta. Wengine hawakuamini kitu kisichouma. Mimi niliponywa na vidonge hivyo. Usije ukasema Rahel aliponywa na kuwaza mema. Lakini nilikuwa na majirani waliopewa vidonge vilevile, wakavitemea nyuma ya nyumba, kwa sababu walikuwa wamejihesabu wafu zamani na hawakuona maiti anameza dawa ya nini. Na vidonge vilinitesa kabla ya kunisaidia. Mwili ulivimba, mifupa ikawaka, vipele vyekundu vikanijaa, nikalala wiki nyingi nikidhani ndio mwisho. Mama muuguzi wa misheni akaniuliza kama nataka kuacha.

"Nikiacha, nimeshinda au nimeshindwa?"

"Ukiacha, ugonjwa utaendelea."

"Basi lete."

Kuna rehema ndogo ambazo nazikumbuka hadi leo. Siku pua yangu ilipozibuka na nikasikia harufu ya mvua kwenye vumbi. Siku unywele mmoja wa nyusi ulipoota, nami nikaita wanawake wote waje kuuangalia, wakaja. Walinikata vipande vidogo vya ngozi sikioni, mara nyingi, na kila mara daktari alitikisa kichwa baada ya kuvitazama kwa darubini. Kisha ikaja mara ambayo hakutikisa. Wala iliyofuata. Akaniambia naweza kwenda nyumbani.

Shija alikuja kunichukua. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Alisimama kwenye mstari wa mawe, kofia mkononi, akatazama vidole vyangu, akatazama uso wangu, akaanza kulia bila sauti.

"Nilipaswa kuja," akasema.

"Ndiyo. Ulipaswa."

Hakujitetea. Alibeba mzigo wangu, na safari hii tulitembea sambamba.

Nyumbani kibanda cha nyuma ya zizi kilikuwa kimeanguka chenyewe. Mayu Holo alipika ugali na mlenda, akaleta sahani moja kubwa akaiweka katikati.

"Rahel," akasema, "nilikufanyia vibaya. Nilimwogopea mtoto."

"Ningekuwa wewe, Mayu, na mimi ningemwogopea."

Akamega tonge, akachovya, akala, akanisubiri. Nikamega. Kabula alinawa akala na sisi. Hakuniita mama siku hiyo. Alianza kuniita hivyo msimu wa kupanda, shambani, akiniomba jembe, na nadhani hakujua kwamba amesema.

Lililobaki lilikuwa kanisa. Wazee wa kanisa walikuja kunikaribisha, tukasali, wakakohoa, mmoja wao akasema itakuwa vema Jumapili ya Meza ya Bwana nikiketi benchi la nyuma na kunywa wa mwisho, kwa ajili ya wadhaifu.

"Wadhaifu ni akina nani?" nikauliza.

"Wale wenye hofu."

"Mimi ninaogopa zaidi yao wote," nikawaambia, "na nitaketi mbele."

Niliketi benchi la pili upande wa wanawake. Kanisa letu lilikuwa na kikombe kimoja cha divai. Mzee alikipitisha kuanzia mbele, mkono kwa mkono, mpaka kikanifikia kikiwa bado kizito. Nikanywa. Nikamgeukia jirani yangu, mama niliyekuwa nikichuma naye pamba zamani. Akatazama kikombe, akatazama vidole vyangu vilivyokishika, akatikisa kichwa. Nikamwelekezea aliyeketi baada yake. Akajifanya anasali. Wa nyuma yetu wakainamisha nyuso. Mzee alikuwa amesimama kwenye njia, jasho linamtoka, hajui akichukue au aniachie.

Sikuona aibu. Nilifikiri, hiki kimemwagwa kwa ajili ya wengi, na kama wengi hawakitaki, hakitamwagwa chini. Nikakirudisha mdomoni, nikanywa taratibu, nikakimaliza chote.

"Mama Kabula," mzee akanong'ona, "hicho kilikuwa cha kanisa zima."

"Najua," nikasema, nikampa kikombe kitupu. "Jaza tena."

Hakuwa na kikombe kingine. Alikwenda mezani akajaza kilekile, bila kukisuuza, sijui kwa kusahau au kwa kukusudia, akavuka kwenda upande wa wanaume. Wengine walikipitisha kama kaa la moto, wengine wakanywa. Wa kwanza kunywa alikuwa Shija.